William Lyons: Mwenye Jicho Aliyekosa Mrithi

Wiki iliyopita barazani kwetu Mji wa Kale, tukinywa kahawa baada ya swala ya alasiri, kijana mmoja alizungusha simu yake ili tuone picha ya gari la zamani. Lilikuwa gari la Kiingereza la viti viwili, halina paa, boneti yake ndefu kama omo ya jahazi. Madigadi ya mbele yalishuka polepole hadi mlangoni, kisha mstari ule ule ukainuka tena juu ya gurudumu la nyuma. Ni Jaguar XK120, gari lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Simu ilipita mkono kwa mkono, na kila aliyeishika alikawia kidogo kabla ya kumpa mwenzake.

Kijana mwenye simu alikata shauri kwamba kitu kama kile hakiwezi kutoka ila kwenye vichwa vya watu wa chuo kikuu, wenye hesabu na ramani. Wengine wakaitikia. Mimi nina diploma ya uhandisi wa mitambo, na zamani ningeitikia kwa sauti kubwa kuwashinda wote. Safari hii nilinyamaza, kwa sababu maisha ya aliyelipa gari lile umbo lake nayajua. Jina lake ni William Lyons. Hakuwa na shahada, wala hakuwa mhandisi wa kuhesabika. Alichokuwa nacho ni jicho. Leo, ndugu msomaji, nataka nikusimulie jicho hilo lilimfikisha wapi, na nini kilitokea lilipotafuta wa kulirithi.

Lyons alizaliwa tarehe 4 Septemba 1901 katika mji wa Blackpool, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Ni mji wa pwani, ambako wafanyakazi wa viwanda vya bara walikwenda kupunga upepo wakati wa likizo. Baba yake, mtu mwenye asili ya Ireland, alikuwa na duka la ala za muziki na piano. Kijana William hakuwa mtu wa vitabu. Alipelekwa Manchester kwenye kiwanda cha magari cha Crossley akajifunze kazi huku akisoma, lakini hakudumu. Alirudi kwao akawa muuzaji katika duka la magari. Kilichomshughulisha zaidi moyoni ni pikipiki.

Mwaka 1921 ilihamia mtaani kwao familia ya William Walmsley, mtu aliyemzidi umri kwa karibu miaka kumi. Walmsley alikuwa akitengeneza gerejini kwao vile vigari vinavyofungwa ubavuni mwa pikipiki ili abiria akae. Vigari vingi vya wakati ule vilikuwa kama makasha ya chai. Vyake vilikuwa vya alumini inayong'aa, vimechongoka mbele na nyuma. Lyons alinunua kimoja, na hapo hapo akaona jambo ambalo mwenye kukitengeneza hakujali kuliona. Aliona biashara. Walmsley alitosheka na kutengeneza kimoja kimoja kwa raha zake. Lyons alitaka watengeneze vingi, kwa bei ambayo kijana wa kazi ataimudu.

Mwaka 1922, Lyons alipotimiza miaka 21, wazee wa pande zote mbili waliwadhamini vijana wao benki, pauni 500 kila mmoja. Kwa mkopo huo wa pauni 1,000 ilianza kampuni ya Swallow. Miaka miwili baadaye Lyons alimuoa Greta Brown, na wakajaaliwa watoto watatu, Pat, John na Mary. Jina la John naomba ulishike, maana tutalirudia.

Kutoka kwenye pikipiki walihamia kwenye magari. Siku hizo Waingereza wa kipato cha kadiri walikuwa wakinunua kigari kidogo cha Austin Seven, imara lakini hakina sura. Mwaka 1927 Lyons alianza kuchukua mtambo na magurudumu ya Austin na kuyavika bodi yake mwenyewe, alumini juu ya mbao, rangi mbili, mgongo wa mviringo. Ndani ya chuma kile kile cha maskini akatia umbo la gari la tajiri. Wafanyabiashara wa London waliagiza magari 500 kwa mkupuo. Blackpool haikuwa na mafundi wa kutosha kazi hiyo, na mwaka 1928 akahamisha karakana yake hadi Coventry, mji uliokuwa kitovu cha magari Uingereza.

Kisa kimoja cha miaka hiyo kinaonyesha jicho lake lilikuwa la namna gani. Mwaka 1931 walikuwa wakitengeneza gari lao la kwanza lenye jina lao, SS1. Lyons alilitaka liwe chini kabisa, paa liiname, boneti iwe ndefu. Kabla halijamalizika akashikwa na ugonjwa wa kidole tumbo, akalazwa hospitalini. Walmsley, kwa nia njema, akaona abiria watagonga vichwa, akaliinua paa. Lyons aliporudi na kuliona gari alikasirika, kwani kwake lilikuwa kama mtu mfupi aliyevaa kofia ndefu. Wateja walilipenda hata hivyo. Yeye hakuridhika, na mwaka uliofuata akalitoa upya likiwa limeshuka kama alivyotaka. Wengi tungesema inchi chache zina nini. Kwa mwenye jicho, inchi chache ndizo kazi yenyewe.

Baada ya miaka michache wawili hao waliachana. Walmsley alikuwa ameshiba, Lyons alikuwa na njaa. Sasa mwenye kiwanda alibaki peke yake, na hapa ndipo lilipo jambo ninalolistahi zaidi katika maisha yake. Alijua mpaka wa alichonacho. Magari yake yalisifiwa kwa sura lakini watu walinong'ona kwamba yana uzuri wa dirishani, nguvu hayana. Hakubishana nao. Mwaka 1935 alimwajiri mhandisi William Heynes, akamkabidhi upande wote wa mitambo, na ushirika wao ukadumu zaidi ya miaka thelathini. Akamtafuta na Harry Weslake, bingwa wa kufanya injini ipumue vizuri. Mwaka huo huo wakatoa gari jipya, SS Jaguar. Katika hafla ya kulizindua London, wageni waliombwa wakisie bei yake. Wastani wa makisio ulikuwa pauni 632. Bei yenyewe ilikuwa chini ya pauni 400. Ukumbi mzima ulishangaa, na yeye alikuwa amekusudia washangae.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Coventry ilipigwa mabomu usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 mpaka katikati ya mji pakawa kifusi. Kiwanda cha Lyons kiliacha magari, kikawa kinakarabati ndege za kivita na kutengeneza vile vigari vya ubavuni vya zamani, safari hii kwa maelfu na kwa ajili ya jeshi. Kila kiwanda kilitakiwa kuweka watu wa zamu usiku juu ya paa, kutazama mabomu ya moto yakianguka wayazime mapema. Lyons alipanga zamu kwa hekima yake mwenyewe. Usiku wake aliupanga pamoja na Heynes na mafundi wawili wakuu wa injini, Walter Hassan na Claude Baily. Ving'ora vikinyamaza, watu hao wanne hawakulala. Walizungumza injini ya siku vita vitakapokwisha.

Injini waliyoizungumza juu ya paa ndiyo iliyoitwa XK. Ilikuwa na silinda sita, ukubwa wa lita 3.4, na kamshafti mbili juu ya silinda hedi, mpango ambao wakati huo ulionekana zaidi kwenye magari ya mashindano na ya matajiri wachache. Nguvu yake ilikuwa ya farasi 160. Lyons alisisitiza hata injini yenyewe ipendeze mtu akifungua boneti, ndiyo maana vifuniko vyake vilisuguliwa vikang'aa kama sinia. Injini hiyo iliendelea kutengenezwa, kwa ukubwa mbalimbali, hadi mwaka 1992. Nani kati yetu amefanya mazungumzo ya usiku yaliyozaa kitu kilichodumu miaka zaidi ya arobaini?

Vita vilipokwisha, herufi SS zilikuwa zimekuwa laana kwa sababu ya askari wa Hitler waliobeba jina hilo. Mwaka 1945 Lyons akaliacha jina, kampuni ikawa Jaguar.

Sasa tufike kwenye lile gari la simuni. Maonyesho ya kwanza ya magari baada ya vita yalipangwa kufanyika Earls Court, London, Oktoba 1948. Injini ilikuwa tayari, lakini gari kubwa la familia ambalo lilikusudiwa kuibeba lilikuwa bado. Lyons akaamua waitie kwenye gari dogo la spoti, la kuonyeshea tu, litengenezwe machache wapate kuijaribu injini. Wakafupisha fremu ya gari jingine, na bodi akaitengeneza mwenyewe kwa muda wa wiki chache tu.

Namna alivyoitengeneza ndiyo iliyonifanya niketi wima siku ya kwanza nilipoisoma. Lyons hakuanza kwa karatasi. Alisimama pamoja na mafundi wake wa bati na mbao, akaonyesha kwa mkono mstari anaoutaka. Wao wakakunja bati na kulifunga kwenye mbao mpaka likasimama umbo la gari zima, kwa ukubwa wake wa kweli. Kisha lilitolewa nje penye mwanga wa jua, mara nyingi mbele ya nyumba yake, akalizunguka. Atalitazama kwa mbali, atachutama, atarudi asubuhi jua likiwa upande mwingine. Atamwambia fundi ashushe hapa kidogo, ajaze pale kidogo. Mpaka jicho liseme basi. Wahandisi walikuja baadaye na vipimo vyao, wakaandika kwenye ramani kile ambacho bati limekwisha kukisema.

Pale Earls Court watu walilizonga gari. Bei yake kabla ya kodi ilikuwa pauni 998, na namba 120 ya jina lake ilikuwa ahadi ya mwendo wa maili 120 kwa saa, karibu kilomita 193. Lyons alikuwa amefikiria magari 200 hivi. Maagizo yalimiminika, mengi kutoka Marekani, na mwigizaji wa sinema Clark Gable akawa miongoni mwa waliotangulia kulipata. Magari ya mwanzo, takriban 240, yalitengenezwa kwa mkono, alumini juu ya fremu ya mbao. Baada ya hapo ilibidi bodi zianze kupigwa kwa mashine za chuma, na hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1954 yalikuwa yametoka magari takriban 12,000. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na madeni ya vita, ilimgawia chuma yule anayeuza nje, kwa hiyo Waingereza wenyewe wengi waliliona gari lao kwenye picha tu.

Lakini watu hawakuamini ile ahadi ya mwendo. Walisema gari zuri kwa bei ile haliwezi kukimbia hivyo. Lyons alikodi ndege Mei 1949, akawapakia waandishi wa habari hadi Jabbeke, Ubelgiji, kwenye barabara iliyonyooka. Dereva wake wa majaribio, Ron Sutton, alipita mbele yao, kioo cha mbele kimeondolewa kupunguza upepo, kwa mwendo wa maili 132.6 kwa saa, yaani kilomita 213. Kisha akarudi akapita tena akiwa kwenye gia ya juu ile ile, safari hii polepole kama mtu anayesindikiza bibi harusi. Maana ya kupita huko mara ya pili ilikuwa wazi. Gari hili linakimbia, na pia unaweza kwenda nalo sokoni.

Hapo ndipo lilipo tofauti na magari mengi ya spoti. XK120 liliuzwa kwa mtu wa kulipeleka kazini Jumatatu, na ndilo hilo hilo lililoshindana Jumamosi. Agosti 1949 pale Silverstone yaliingia matatu. Moja liliendeshwa na Bira, mwana wa kifalme wa Siam, akatolewa na tairi kupasuka, na mengine mawili yakashika nafasi ya kwanza na ya pili, Leslie Johnson akiwa mbele. Septemba 1950, huko Dundrod, Ireland ya Kaskazini, mvua ikinyesha kama ya masika, kijana Stirling Moss alipewa XK120 la kuazima akawashinda wakubwa wake siku moja tu kabla ya kutimiza miaka 21. Mwaka 1952 kwenye njia ya duara ya Montlhéry karibu na Paris, madereva wanne walipokezana gari moja lenye paa siku saba mchana na usiku, zaidi ya kilomita 27,000, kwa wastani uliopita maili 100 kwa saa.

Na binti yake, Pat, je? Aliolewa na dereva Ian Appleyard, wakawa wanashindana pamoja, mume kwenye usukani na mke akisoma njia. Kwa XK120 lao jeupe walipanda na kushuka milima ya Alps katika mashindano ya mwaka 1950, 1951 na 1952, wakapata Kombe la Alps mara tatu mfululizo bila kupoteza hata pointi moja.

Kutoka gari hilo la barabarani ndugu zake wa mashindano walizaliwa. Lyons alilenga Le Mans, Ufaransa, mbio za saa 24 ambazo ushindi wake ulijulikana dunia nzima. Mwaka 1951 gari la aina ya C, lenye injini ile ile na bodi iliyotengenezwa na Malcolm Sayer, mtaalamu aliyetoka kwenye ndege, lilishinda. Mwaka 1952 yakafa yote matatu kwa joto, baada ya pua zake kubadilishwa kwa haraka kwa kuiogopa Mercedes. Mwaka 1953 wakarudi na breki za diski walizozikuza pamoja na Dunlop, wakashinda tena. Breki hizo ambazo leo ziko hata kwenye bodaboda nyingi zilipata jina lake pale.

Tufike sasa mwaka 1955. Juni ya mwaka huo magari ya Jaguar yalikuwa njiani kwenda Le Mans. John Lyons, mtoto wa pekee wa kiume, alikuwa akiendesha gari kwenda huko huko. Kaskazini mwa Ufaransa akapata ajali barabarani, akafariki. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Siku chache baadaye mbio zilianza, na saa tatu hazijapita gari la Mercedes lililoendeshwa na Pierre Levegh liliruka likaangukia watazamaji. Walikufa watu zaidi ya 80, naye Levegh mwenyewe. Mercedes walijitoa usiku. Jaguar ya Mike Hawthorn na Ivor Bueb iliendelea, ikashinda. Fikiria hali ya mzee yule. Mwanawe kaburini, jina la kampuni yake juu ya ubao wa ushindi, na Ulaya nzima ikilia.

Hakuna aliyemsikia akilalamika hadharani. Lyons alikuwa mtu wa kujizuia, anayewaita hata wasaidizi wake wa miaka mingi kwa majina ya ukoo, tai shingoni kila siku. Alirudi kazini. Mwaka 1956 alipewa heshima ya Sir, na mwaka huo huo akaiondoa kampuni katika mashindano. Timu binafsi ya Scotland iliendelea kutumia magari yake na kushinda Le Mans mwaka huo na uliofuata. Februari 1957 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kiwanda. Wafanyakazi walisafisha majivu, na baada ya siku chache magari yakaanza kutoka tena. Mwaka 1961 akaonyesha Geneva gari la E-type, ambalo hata asiyejua magari analitambua.

Ila swali la urithi halikuondoka. Alikuwa anakaribia miaka 65. Kampuni iliyokuwa ikimpigia bodi za magari ilikwishanunuliwa na kampuni kubwa ya BMC, na bila bodi hana gari. Angekuwa na mwana wa kumshikia usukani, labda angesimama. Mwaka 1966 aliungana na BMC, na miaka miwili baadaye wote wakamezwa katika shirika kubwa la British Leyland. Alimaliza na gari lake la mwisho, XJ6, akastaafu mwaka 1972 na kurudi kwa kondoo na ng'ombe wake shambani Wappenbury. Kutoka huko aliangalia jina alilolijenga likidhoofika, magari yakitoka na kasoro, wakubwa wapya wakitaka hata kulichanganya na majina mengine. Aliwahi kuona Jaguar ikitolewa katika shirika hilo na hisa zake kuuzwa kwa umma mwaka 1984. Alifariki tarehe 8 Februari 1985, akiwa na miaka 83.

Ninapofika hapa huwa nasita. Desturi ya zama zile ilitazama urithi wa kiwanda kwa mtoto wa kiume, na wa kiume akiondoka basi nyumba imefungwa. Lakini nyumbani mwake mlikuwa na binti aliyekaa ndani ya gari lile kwenye maporomoko ya Alps, usiku kwa mchana, akilijua kwa mwili wake wote. Sisemi angekuwa na jicho la baba. Nasema tu kwamba sisi wapwani hatuna haki ya kumcheka mzee, maana hesabu zetu za urithi wa ufundi ni hizo hizo.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa majahazi Matondoni. Alisimika mkuku mchangani, akafumba jicho moja, akatazama, kisha akaanza kupanga mbao. Ramani hakuwa nayo. Nilipotoka chuoni na diploma yangu mpya nilimwendea na karatasi na rula, nikamwambia kazi isiyochorwa ni kubahatisha. Aliipokea karatasi kwa adabu, akaikunja, akaitia mfukoni, akaendelea kutazama ubao. Nilirudi Mombasa nikijiona nimemfunza kitu. Ningekuwa na akili ya Heynes, ningeketi pale mwezi mzima na kuandika kile ambacho mkono wake ulikuwa ukisema, yeye abaki na jicho na mimi nibaki na kipimo. Lyons na Heynes hawakudharauliana, na kwa hilo injini yao iliishi miaka zaidi ya arobaini. Sisi wawili tulikuwa ukoo mmoja, na majahazi ya ami yamekwisha kuoza.

Mwanawe alikwenda kutafuta riziki ng'ambo, wala simlaumu. Binti yake aliyekuwa akimpelekea chai na kukaa hapo hadi magharibi akitazama kila ubao unavyokunjwa, hakuna aliyewahi kumpa nyundo. Tezo ya ami ninayo mimi, imefungwa kwa gunia uvunguni mwa kitanda. Jumamosi hii naipeleka Lamu nimkabidhi binti huyo. Ana watoto wawili wa kike, na mkubwa wao nasikia hatoki ufukweni.